Pesa ya Mbele Iandikwe: Barua ya Wazi kwa Wakubwa Wetu wa Malindi

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Kilifi, wawakilishi wetu wa wadi, mbunge wetu na seneta wetu, meneja wa Manispaa ya Malindi, na machifu wa mitaa yetu yote.

Waheshimiwa, nawasalimu kwa heshima zote.

Mimi ni mpangaji wa Maweni. Kazi yangu ni kufua na kupiga pasi mashuka ya hoteli, na nimepanga katika mji huu tangu mwaka 2009: Maweni, Kisumu Ndogo, Muyeye mara mbili, na sasa Maweni tena. Nyumba tano. Katika nne za hizo nilitoa dipoziti, pesa ya dhamana inayotakiwa kurudi nikihama, kabla ya kukabidhiwa ufunguo. Tatu nimeshazihama, na katika hizo tatu dipoziti iliyorudi mkononi mwangu ni moja.

Naandika juu ya pesa hiyo, pesa ya mbele, ile anayolipa mtu kabla hajalala hata usiku mmoja. Nimeamua kuandika hadharani kwa sababu kila nikienda ofisini peke yangu naonekana nimegombana na mwenye nyumba wangu. Sikugombana na mtu. Nina ombi, na ombi lenyewe ni hili: pesa ya mbele iandikwe, na anayeipokea ajulikane.

Mwaka wa Malindi mnaujua. Kaskazi ikivuma mji unachangamka, ndege zinatua, vyumba vinajaa, hata muuza madafu anapata cha kupeleka nyumbani. Ndiyo sizoni. Pasaka ikipita, kusi inaingia, masika yanamwagika, bahari inachafuka, na hoteli zinaanza kufunga milango moja baada ya nyingine hadi Julai. Mfanyakazi wa mkataba mfupi anaambiwa mkataba umekwisha. Wa kudumu anaambiwa ale livu yake yote, yaani likizo, na ikiisha aongeze nyingine isiyo na malipo. Mvuvi naye amevuta chombo pwani. Dereva wa tuktuk anazunguka kutoka sokoni hadi hospitali bila abiria. Basi ukisimama kando ya barabara Maweni mwezi wa nne na wa tano, utaona mikokoteni inapita na magodoro, makabati, masufuria na mtoto juu yake. Watu wanashuka. Wa chumba na sebule anatafuta chumba kimoja, wa chumba kimoja anarudi kwao Kakuyuni au Ganda, akaamke saa kumi za alfajiri apate matatu ya kumleta kibaruani.

Hapo ndipo pesa ya mbele inapouma. Nieleze hesabu yangu mwenyewe ya mwezi wa tano mwaka jana, maana sipendi kusema kwa mafumbo. Nilikuwa nalipa 8,000 kwa chumba na sebule Muyeye. Kazi ikapungua, nikapata chumba cha 5,000 Maweni. Siku ya kuhama nilitakiwa niwe na kodi ya mwezi 5,000, dipoziti 5,000, dipoziti ya maji na stima 2,000, ajenti nusu ya kodi, yaani 2,500, karatasi ya mkataba 500, na mkokoteni pamoja na vijana wa kubeba 1,000. Jumla 16,000. Mshahara wangu wa mwezi huo haukufika hapo.

Ondoeni kodi ya mwezi, ambayo ningelipa popote nilipo. Zilizobaki ni 11,000. Chumba kipya kilinipunguzia 3,000 kila mwezi. Kwa hivyo ilibidi nikae karibu miezi minne ndipo nirudishe gharama ya kuhamia kwenye unafuu. Kufika hapo ni Septemba, wageni wamesharudi, kazi imesharudi, na ile shida niliyoikimbia imeshapita. Nilihama kwa ajili ya masika, na nafuu ikanifikia wakati wa jua. Hii ndiyo sababu wengi wanashindwa kuhama, wanabaki kwenye nyumba wasiyoimudu, deni linapanda miezi miwili, mitatu, hadi siku mlango unapigwa kufuli wakiwa kazini.

Sasa ngojeni. Katika nyumba ya Muyeye niliyoiacha, nilikuwa na dipoziti ya 8,000. Ni nusu kamili ya zile 16,000. Ingerudi siku ile ile, nisingekopa kwa mtu.

Haikurudi, na sababu yake nataka muisikie vizuri, kwa kuwa naona ndiyo kiini cha jambo. Mwenye nyumba wangu hakuwa tapeli. Ni mzee wa watu, tuliishi vizuri, alikuja kunizikia ndugu yangu. Alinikalisha barazani, akaniletea kahawa, akaniambia ukweli: dipoziti yangu ile, siku niliyomlipa, alimlipa mama aliyekuwa chumbani mle kabla yangu. Na ya mama yule alikuwa amemlipa mtu aliyekuwa kabla yake. Ile ya kwanza kabisa, ya mpangaji wa kwanza wa chumba, ilinunua mabati. "Binti yangu," akasema, "subiri apatikane mtu, akinipa yake nikupe yako."

Lakini mtu gani atapatikana mwezi wa tano? Chumba kilikaa wazi mpaka mwezi wa nane. Alipopatikana mpangaji, pampu ya maji ilikuwa imeungua na pesa ikaenda huko. Nilirudi mara tatu. Mara ya nne niliona haya kumkabili mzee tena, na nauli nayo ni pesa.

Tunasema tumeweka dipoziti, kana kwamba iko mahali imewekwa. Katika ploti nyingi za mji huu haiko mahali popote. Inapita mkononi mwa mwenye nyumba kutoka kwa anayeingia kwenda kwa anayetoka, na wakati wa sizoni mchezo unaendelea vizuri kwa kuwa kuna watu wa kuingia. Masika yakifika mnyororo unakatika. Anayeondoka wakati huo, ambaye ndiye aliyepungukiwa, ndiye anayeachwa mikono mitupu.

Nisieleweke vibaya. Sisemi dipoziti ifutwe. Mama mkwe wangu ana vyumba viwili vya kupangisha huko Barani, na ndivyo vinavyomlisha tangu baba mkwe afariki. Amewahi kupata kijana aliyekaa miezi mitatu bila kulipa, akahama usiku, akaondoka na kitasa cha mlango, waya za stima na hata kile kikombe cha balbu. Asubuhi mama alikuta ukuta umetobolewa. Mwanamke wa miaka sabini atamfuata wapi kijana? Pesa ya mbele ndiyo ngao yake pekee, na sitaki apokonywe. Nataka ngao hiyo isiwe kisu kwa mwingine.

Zamani haikuwa hivi. Nyumba yangu ya kwanza, ile ya 2009, ilikuwa nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati, baraza mbele, uani choo na kisima. Mwenyewe alikuwa bibi mmoja, marehemu sasa. Alichukua kodi ya mwezi, 1,200, basi. Hakusoma sana, ila alikuwa na daftari la shule lenye mistari, na kila mpangaji alikuwa na ukurasa wake. Ukilipa, mjukuu anaandika tarehe na kiasi, bibi anaweka dole gumba, na wewe unaweka lako. Siku ya kuingia aliandika pia vilivyokuwamo: kitanda cha mwakisu kimoja, dirisha zima, kufuli moja na funguo mbili. Nilipotoka tulisoma ukurasa wangu pamoja, akanihesabia vitu vyake, tukaagana kwa dua. Miaka minne pale sikusikia ugomvi wa pesa hata mmoja, na vyumba vilikuwa sita na wapangaji ni watu, wana tabia zao.

Bibi alitujua. Alijua kwetu ni wapi na nani mjomba wangu, ndiyo maana hakuhitaji dipoziti. Mji umekua, watu wametoka mbali, mwenye ploti anaishi Mombasa au ng'ambo na anayekupokea ni keateka, yule anayemtunzia nyumba. Kwa keateka hujulikani, na yeye humjui. Nafasi ya kule kujuana imechukuliwa na pesa, na ile pesa haina daftari.

Na pale pasipo na daftari, wezi wameingia. Hili nalieleza nikiwa na uchungu.

Binti wa dada yangu alikuja mjini mwanzo wa mwaka kwa mafunzo ya vitendo. Aliona picha za bedsita, chumba kimoja cha kujitegemea, kwenye kundi la WhatsApp, upande wa Casuarina, 6,500 kwa mwezi, vigae chini, maji ndani. Akapiga simu. Mtu upande wa pili akamwambia kuna watu watatu wanaitaka, atume nusu ashikiwe. Binti alikataa kutuma bila kuona. Nilikuwa nimemfunza mwenyewe, nikajisifu moyoni. Akaenda. Alimkuta kijana nadhifu ana ufunguo, akamfungulia, akamfungulia mabomba maji yakatoka, akamwonesha mita ya stima, akamweleza hata siku ya gari la takataka. Binti akalipa 13,000 kwa M-Pesa palepale mlangoni, kodi na dipoziti. Jina lililotokea kwenye simu lilikuwa la mwanamke. Kijana akasema ni mke wake.

Jumamosi tulienda na mkokoteni. Getini tulikuta wasichana wawili wengine, kila mmoja na godoro lake. Ndani kulikuwa na wageni waliokuja kupumzika. Mwenye nyumba halisi alipofika akatueleza: ile ni nyumba ya kulipiwa kwa usiku, na yule kijana alikuwa ameilipia usiku tatu. Usiku tatu, na kwa siku hizo tatu akawaingiza watu na kuwapangisha nyumba isiyo yake. Ujumbe wa M-Pesa tuliutuma kwa namba 456 ili muamala urudishwe, lakini pesa ilikuwa imekwisha kutolewa dakika chache baada ya kuingia. Kituo cha polisi tuliandikiwa namba ya OB, kitabu chao cha matukio. Afisa aliyetupokea alikuwa mpole, akatuambia wazi kwamba kesi za elfu kumi na tatu ni nyingi na zinaishia pale zilipoandikwa.

Zile 13,000 dada yangu alizipata kwa kuuza mbuzi wawili. Wasichana watatu, mlango mmoja, siku moja. Ukizijumlisha si kesi ndogo tena, ila hakuna aliyezijumlisha, kwa kuwa kila mmoja aliandikisha yake peke yake.

Wakubwa, msiseme binti alikuwa mzembe. Aliiona nyumba. Aliuliza. Alisubiri ufunguo ugeuke. Alichokosa ni mahali pa kuuliza swali moja tu kabla ya kubonyeza namba yake ya siri: je, mtu huyu anajulikana kuwa na haki ya kupangisha mlango huu? Katika Malindi yote hakuna dirisha la kuuliza swali hilo. Nyumba za wageni za usiku mmoja mmoja zimejaa katika mji wetu, ni riziki za watu na sizilaumu, lakini maana yake ni kwamba ufunguo mkononi si ushahidi tena.

Nimekaa na kijana mmoja wa mtaani anayesomea sheria, akanisomea vifungu jioni tatu nikiwa napiga pasi. Haya ninayosema sasa nimeyapata kwake, nami nimeyahakiki kadiri ninavyoweza.

Ipo sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, Sura ya 296, ya mwaka 1959. Inamkinga mpangaji asipandishiwe kodi ovyo, na inakataza kudaiwa kilemba, yaani malipo ya ziada ya kupewa nyumba, juu ya kodi. Nilipoisikia nilifurahi, hadi tulipofika kwenye kiwango: inahusu nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Mimi tangu nitoke kwa bibi sijawahi kulipa chini ya hapo. Mwavuli upo, ila umebaki pale pale na sisi mvua imetusukuma mbali nao. Kuusogeza ni kazi ya bunge la Nairobi, ndiyo maana nimewaandikia pia mbunge na seneta. Kiwango kile kilipangwa wakati mimi bado sijaanza shule.

Ipo nyingine, Sura ya 301, ya mwaka 1965, ya wapangaji wa maduka, hoteli na mikahawa. Humo nilikutana na kitu kilichonirudisha uani kwa bibi. Inasema mwenye jengo ambaye hakuandikiana mkataba na mpangaji wa namna hiyo aweke daftari la kodi, mpangaji apewe nakala yake, na ndani yake yaandikwe makubaliano, malipo na matengenezo, pande zote mbili zikithibitisha. Waheshimiwa, daftari la bibi! Mwenye duka wa Malindi amelindwa kwa daftari tangu 1965. Ninachoomba ni daftari hilo hilo kwa chumba anacholala muuza duka, na mfuaji, na mwalimu, na mwanafunzi.

Mkisema hili si la kaunti, naomba mtazame Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, ambapo nyumba zimetajwa miongoni mwa kazi za kaunti, chini ya mipango na maendeleo. Na Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya nyumba inayofikika na ya kufaa. Inayofikika. Nyumba ya 5,000 inayotaka 16,000 mlangoni, kwangu mwezi ule haikufikika ila kwa deni.

Basi kaunti ichapishe daftari. Liwe dogo, la Kiswahili, la nakala tatu: ya mpangaji, ya mwenye nyumba, na ya ofisi ya wadi. Liandikwe majina na namba za vitambulisho vya wote wawili, namba ya simu iliyopokea pesa na jina la mwenye namba hiyo, dipoziti ni kiasi gani, na itarudi ndani ya siku ngapi baada ya kutoka. Mimi napendekeza siku 14. Liandikwe hali ya chumba siku ya kuingia: kioo, kitasa, bomba, rangi, mita ya maji inasoma ngapi. Ugomvi mwingi wa dipoziti niliousikia ni wa rangi. Mwenye nyumba anasema ulichafua, wewe unasema uliikuta hivyo, na hakuna mwenye ushahidi. Picha mbili za simu na mstari mmoja wa kalamu zingetosha.

Najua kwa nini baadhi ya wenye nyumba hukwepa kalamu. Wanaogopa kodi ya serikali. Kwa hili naomba mamlaka ya mapato iwasaidie kwa kuwaeleza, maana hofu nyingine haina msingi. Kodi ya mapato ya upangishaji, ambayo tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5 kutoka asilimia 10, inaanzia kwa anayepata zaidi ya shilingi 288,000 kwa mwaka. Hiyo ni 24,000 kwa mwezi. Mama mkwe wangu na vyumba vyake viwili vya elfu nne nne hafiki hata nusu, hayumo katika kodi hiyo ya kila mwezi. Lakini hakuna aliyemwambia, kwa hivyo hatoi risiti, na asipotoa risiti yeye pia hana cha kumwonesha chifu siku mpangaji akitoroka. Daftari lingemlinda yeye kwanza.

La pili ni maajenti. Sheria, Sura ya 533, inataka anayefanya kazi ya uwakala wa nyumba asajiliwe na bodi yake. Kijana wa mtaani kwetu anayeonesha vyumba vya elfu nne hajui kama bodi hiyo ipo, na simlaumu, ana simu na miguu yake na anatafuta riziki. Manispaa imwandikishe. Apewe kitambulisho chenye picha na namba, kwa ada anayoiweza, na orodha ibandikwe ofisi za wadi na kwa machifu, isomeke hata kwa simu. Keateka naye awe na barua ya mwenye ploti. Binti wa dada yangu angepiga simu moja, akaambiwa huyo hatumjui, na mbuzi wawili wangekuwa zizini. Na ile pesa ya kuoneshwa nyumba, mia tatu, mia tano, unalipa hata nyumba ikiwa haikufai, ikomeshwe kabisa. Nimewahi kulipa mara nne kwa siku moja nikaenda kulala bila nyumba.

Dipoziti ilipwe kidogo kidogo. Mwenye nyumba wangu wa sasa, nilipomlilia hali, alikubali nilipe yake kwa awamu tatu. Hakupoteza kitu, nimemaliza, na sidaiwi. Kaunti haiwezi kumlazimisha kila mtu leo, ila ikiweka mstari huo kwenye daftari kama desturi njema, wengi wataufuata. Wenye nyumba wetu si watu wabaya, wanafuata wanachoona wenzao wanafanya. Na ndiyo sababu nina hofu pia. Dada yetu aliyeolewa Tanga hutuambia kule mtu anadaiwa kodi ya miezi sita mara moja, na Dar es Salaam hivyo hivyo. Hapa kwetu nimeanza kusikia walimu na wauguzi wageni wakiambiwa walete miezi mitatu. Desturi ikishaota mizizi hamtaing'oa.

Mtu mwenye uwezo aifikirie na hii: pesa ya dipoziti ikae mahali pa tatu, isikae kwa mpangaji wala kwa mwenye nyumba. Uingereza tangu 2007 mwenye nyumba anatakiwa kuilinda kwenye mpango uliokubaliwa na serikali, na siku alizopewa ni 30. Sisi tuna Sacco na tuna pesa za simu, tunatuma hela kutoka juu ya mnazi. Sidhani tunashindwa kuanza na mtaa mmoja kwa majaribio. Mzee wangu wa Muyeye asingelazimika kuona haya mbele yangu, wala mimi mbele yake.

Kisha tupate pa kwenda tukikosana. Mahakama za madai madogo zimewekwa na sheria ya 2016, zinasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na kesi inatakiwa iishe ndani ya siku 60. Miongoni mwa yanayosikilizwa ni pesa ambayo mtu ameipokea na kuishikilia ilhali ni ya mwingine. Dipoziti ni nini kama si hiyo? Lakini mama wa Kisumu Ndogo anayedai 4,000 hajui mahakama hiyo, na akiijua anadhani lazima aende na wakili. Machifu, katika baraza zenu, baada ya mambo ya mbegu na chanjo, tuitieni mtu atueleze kwa Kiswahili chetu namna ya kujaza dai. Na manispaa itenge asubuhi moja kwa wiki, meza moja, mtu mmoja mvumilivu, wapangaji na wenye nyumba waje kabla hawajafikishana kortini. Polisi nao tunawaomba faili moja la namba za simu zilizotumika kupokea pesa za nyumba za uongo, ili malalamiko matatu ya mlango mmoja yakutane.

Kuhusu nyumba za bei nafuu za serikali sitasema mengi. Mshahara wangu unakatwa asilimia 1.5 kwa ajili yake, na nikipata nitashukuru. Ila hata zikijengwa zote, leo usiku watu wa Malindi wamelala katika vyumba vya kupanga, na kesho asubuhi kuna mwingine atatuma pesa ya mbele kwa mtu asiyemjua.

Naomba jibu lenu lije kabla ya Pasaka, kabla mikokoteni haijaanza kupita. Mimi niko Maweni, mwakilishi wetu wa wadi ananifahamu. Lile daftari la bibi bado lipo kwa mjukuu wake, limeliwa na mchwa pembeni lakini madole gumba yanaonekana vizuri. Amekubali kuniazima. Siku mtakayoniita nitakuja nalo, muuone ukurasa wangu.

Wenu kwa heshima,
Mpangaji, Maweni, Malindi